Mama Alisahau Kuna Maji

Mtu anayeweka nadhiri hafikirii njia. Mama yangu aliiweka yake akiwa ameketi barazani kwake Kibiti, simu imo mkononi, siku alipoambiwa kwamba bodaboda imenigonga barabara kuu, mfupa wa paja umevunjika vibaya, na madaktari wa hospitali kubwa ya mjini hawajui kama nitasimama tena. Majirani waliokuwapo wanasema hakulia. Aliinua mikono, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara: "Ee Mola wangu, mwanangu akisimama kwa miguu yake, na mie ntakwenda kwa miguu yangu mpaka kwa mama, nikampe habari."

"Kwa mama" ni kaburini kwa bibi yangu. Na bibi yangu kazikwa kwenye kisiwa kidogo cha delta, upande wa pili wa kijito, hapo mbele ya Nyamisati. Kisiwa, kwa taarifa ya asiyejua, huzungukwa na maji. Mama kazaliwa humo, kakulia humo, kaolewa akitokea humo, lakini siku ile alikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo lilikuwa mimi. Maji akayasahau.

Nilisimama, alhamdulillah. Nina chuma pajani, na mvua ikikaribia mguu wangu hujua kabla ya redio, ila natembea. Siku niliyoacha magongo mama alinitazama nikivuka ua kutoka mlangoni hadi jikoni. Alipiga vigelegele, akaita majirani, halafu ghafla akashika kiuno.

"Ala!" akasema. "Na maji je?"

Alikwenda kumuuliza mwalimu wa madrasa, nami nikamfuata. Mwalimu alicheka kwanza, kisha akakumbuka kazi yake, akakaza uso. Akaeleza kwamba nadhiri isiyowezekana ina kafara yake, mtu hulisha masikini kumi, mambo yakaisha. Au aende kwa miguu mpaka ufukweni, hapo kwenye maji apande mtumbwi, na Mungu anajua nia ya kila mja. Mama alimsikiliza kwa adabu zote.

"Masikini ntawalisha, mwalimu, ubwabwa na mchuzi wa samaki, wale mpaka wachoke," akasema. "Lakini mie sikusema ntakwenda kwa chombo. N'lisema miguu."

Njiani kurudi nyumbani ndipo akakumbuka. Utotoni mwao, maji ya bamvua yalipokupwa sana, kile kijito kilibaki tope na mkondo mwembamba katikati, na wasichana walivuka kwenda harusini Nyamisati nguo zao nzuri zikiwa kichwani. Akasimama katikati ya barabara kunieleza hayo, lori likampigia honi, naye akalipungia mkono lisubiri amalize.

Kuanzia hapo kilichobaki kilikuwa kwenda tu, na aliyechelewesha ni mimi. Nauza stendi ya Kibiti. Basi la Mtwara likiingia, sinia la mayai na korosho liko juu ya mkono, macho yako madirishani, unatoa huku unapokea huku, na kondakta keshagonga bodi. Ukizubaa unabaki na vumbi. Kazi hiyo hukuzoesha kufanya kila kitu mbiombio, hata kula, hata kusali, Mungu anisamehe. Na baada ya ajali haraka yangu iliongezeka. Niliona siku zote nilizolala chali lazima nizirudishe, nikakimbizana na mabasi kwa mguu wa chuma hadi madereva wakanizoea. Mama akiniuliza lini tutakwenda, mara ni masika, mara ni Ramadhani, mara ni mavuno ya korosho.

Kisha magoti yake yakaanza. Asubuhi alikuwa akiinuka kwa kushika ukuta, na akikaa kitako kupepeta mchele ilibidi aitwe mtu wa kumnyanyua. Siku moja nikiwa nasuka ukili pembeni yake alisema taratibu, bila kuniangalia, "Mwanangu, hii miguu ikikataa nami sijafika, ntamwambia nini mama tukikutana huko?"

Nikaweka ukili chini. Nilichagua siku za baada ya Idi, kwa sababu abiria huwa wachache, nikamwachia sinia mwenzangu wa stendi, tukaondoka.

Mama alibeba mkoba wenye mchele wa shambani kwetu bondeni, ubani, na kanga mpya ya kuvaa atakapofika. Miguuni alikuwa na yeboyebo za buluu. Nilimnunulia raba, akazijaribu, akasema zinamfinya, na mpaka leo anazitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Kwenda na mama kwa miguu ni kazi inayotaka moyo. Magoti yalimchelewesha kidogo, salamu zilimchelewesha sana. Hakuna mtu aliyepitwa. Mwanamke akichuma kisamvu mbali kule shambani, mama atasimama, atapaza sauti, atauliza hali, atauliza watoto, atauliza mihogo, ataulizwa anakokwenda, na atasimulia tangu bodaboda. Mimi nilikuwa nikisimama hatua chache mbele, mikono kiunoni, nikihesabu mabasi yanayotupita, nikijua kila moja lingeninunulia nini. Nilikuwa na hasira za kweli. Tulipita kijiji baada ya kijiji habari za mguu wangu zikiwa zimetutangulia, maana wenye baiskeli walizichukua kwa huyu na kuzifikisha kwa yule. Tulipofika Bungu na kukata kulia kuelekea pwani, mtu nisiyemjua aliniambia, "Pole na ajali, dada, hebu tuuone mguu wenyewe."

Vijana wa bodaboda walimwonea huruma mama. Mmoja alizima pikipiki kabisa, akaipigapiga siti. "Bi mkubwa, panda nikusogeze. Bure, sitaki hata mia."

"Ahsante, mwanangu," mama akamjibu. "Bodaboda ndiyo iliyonitia katika safari hii. Ukinisogeza tena sijui ntafika wapi."

Usiku tulilala kwa watu. Wote mama aliwajua, au alimjua mama yao, au waligundua ujamaa wakati ugali unasongwa. Asubuhi alikuwa akiamka na magoti yamevimba. Niliyakanda kwa maji ya moto, na kila mara nilimuuliza kama tuite gari, na kila mara alinijibu kwamba maji yamepoa, niongeze mengine.

Tulifika Nyamisati mchana, mama akichechemea kushoto, mimi nikichechemea kulia. Mama mdogo wangu, mdogo wake mama wa kunyonya ziwa moja, anaishi hapo na kazi yake ni kutega kaa kwenye mikoko. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuitia watu wa ng'ambo. Alitupokea mkoba, akatuketisha mkekani, akatuletea madafu, akamsikiliza dada yake kwa makini mpaka mwisho. Kisha akaenda mlangoni, akatazama kijito kilichokuwa kimetulia, kimejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko.

"Dada, haya maji mafu," akasema. "Mmekuja kuvuka na nini?"

Nikamtazama mama, mama akanitazama mimi. Mtoto yeyote wa delta anajua kwamba mwezi ukiwa nusu maji hayajai sana wala hayakauki, na kwamba ukitaka kuona chini ya kijito ungoje mwezi uandame au upevuke. Mimi, mtu wa stendi, nilipanga safari kwa kufuata abiria. Naye mama, aliyezaliwa katikati ya maji hayohayo, hakuinua macho kutazama mwezi hata mara moja. Mama mdogo alicheka mpaka akaegemea nguzo.

"Kibiti kumemharibu dada yangu!" akawa anawaambia wanaopita. "Kafika na mchele, kafika na ubani, mwezi kausahau nyumbani!"

Ilibidi tungoje. Siku ya kwanza niliimaliza nikizunguka nyumba. Nilimpigia simu mwenzangu wa stendi mara kadhaa kumuuliza kama mayai yanauzika, mwishowe akaacha kupokea. Boti za Mafia zilikuja na kuondoka, nikasimama gatini nikiwatazama abiria wanaokaa kwenye mizigo yao wakisubiri kwa saa nyingi bila kununua kitu, nikaumia moyo kwa biashara iliyokuwa ikipotea pale bure.

Nikamwendea mama kwa hoja. Nilimwambia mwalimu alishatoa ruhusa, mtumbwi uko, kuvuka ni kufumba na kufumbua. Mama mdogo akaniunga mkono, kwa sababu alikuwa ameyaona magoti ya dada yake na hakuyapenda. Akasema tope la kijito si la kuchezea, kila mwaka linamnasa mtu mzima mwenye nguvu zake. Hata nikajitolea nivuke mimi peke yangu, mguu ni wangu, nadhiri ni ya mguu wangu.

"Mguu wako, nadhiri yangu," mama akasema. "Hebu nipe hiyo sahani."

Siku zilizofuata sikuwa na la kufanya, nikafanya lililokuwapo. Nilimsaidia mama mdogo kufunga kaa kwa kamba za ukindu, akanifundisha mara nyingi na kaa wakanifinya mara nyingi zaidi. Nilichambua mchele wote wa mama, punje kwa punje, ambao hata haukuwa na mawe. Nililala mchana, jambo nililolifanya mara ya mwisho nikiwa na plasta hospitalini, na nilipoamka niliwakuta mama na mdogo wake wamelala vilevile, miguu ya mmoja juu ya miguu ya mwenzake, kama walivyokuwa wakilala utotoni bila shaka. Nilikaa nikawatazama. Ilinijia kwamba tangu nipone sijawahi kumtazama mama zaidi ya muda wa kupokea chai. Nywele za pembeni ya uso zilikuwa zimekuwa nyeupe zote na sikujua lini.

Jioni hiyo aliniambia jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Tulikuwa tukimenya mihogo. Nilimuuliza kwa nini, katika nadhiri zote ambazo watu huweka, mbuzi, maulidi, saumu, alichagua kutembea mpaka kwa mtu aliyekufa.

"Sikuchagua," akasema. "Nilipopokea ile simu nilitaka kumwita mama yangu. Mtu mzima mie, nina wajukuu, nimekaa pale nataka mama. Nikakumbuka hayupo. Ndipo likatoka hilo neno."

Mimi nilisikia uchungu na furaha kwa pamoja, nikashindwa kujua kipi ni kipi, nikaendelea kumenya muhogo uleule hadi ukabaki kama kidole.

Kutoka hapo sikupiga tena simu stendi. Kila asubuhi mama alizunguka nyumba polepole ili magoti yasigande, nami nikazunguka naye. Mguu wangu wenyewe, niliokuwa nimeuzoea kuwa na maumivu kila jioni, ulikuwa umeacha kuuma. Sikujua umeacha siku gani, kwa sababu nilikuwa sikuuliza.

Mwezi ukapevuka. Mama mdogo akapima maji kwa macho siku mbili, akasema kesho. Tulishuka ufukweni asubuhi, mama amefunga kanga kwa mkaja, mkoba uko kichwani mwa mdogo wake. Kijito kilikuwa kimeondoka. Palikuwa na tope jeusi linalong'aa, kaa wadogo wakikimbia kuingia mashimoni, na katikati mkondo wa maji usiofika popote pa kutisha. Baadhi ya wakata boriti waliacha kupakia mizigo yao wakakaa juu ya magogo kututazama. Najua walikuwa wakingoja nani ataanguka.

Mama mdogo alitangulia na fimbo. Alitupa sheria moja tu: mguu ukizama usiuvute, uache kwanza tope likuzoee, kisha uinue kisigino taratibu. Mama alivua yeboyebo, akasema bismillahi, akaingia. Mimi nilimshika mkono. Hatua chache zilikwenda vizuri. Kisha nikaona ng'ambo imekaribia, nikaona mama anachelewa, miguu yangu ya stendi ikaamka. Nikamwachia mkono nimtangulie nikamtafutie pa kukanyaga. Mguu ukazama. Nikauvuta. Nikakaa kitako kwenye tope mpaka kiunoni, na wakata boriti wakapata walichokuwa wakingojea. Walishangilia mpaka ndege wakaruka mikokoni.

Na mama akanipita. Hakusimama hata kunipa mkono. Alipita pembeni yangu, anainua kisigino, anatulia, anainua cha pili, uso umekaza kwa maumivu na macho yanacheka.

"Ukimaliza kukaa utatukuta," akaniambia.

Nilibaki pale nikimtazama mgongoni. Nilimwona akifika kwenye mkondo, maji yakimpanda mpaka magotini, na hapo akasimama. Nikadhani magoti yamekataa katikati, pahala pabaya kuliko pote. Mama mdogo naye aligeuka haraka. Lakini mama alikuwa amefumba macho.

"Yananikanda," akasema. "Niacheni kidogo. Maji ya kwetu haya."

Tukamwacha. Nilijinasua taratibu kwa sheria niliyopewa, kisigino kwanza, nikamfikia, nikamshika tena mkono. Safari hii sikuuachia. Tulikwenda kwa mwendo wake, tope likatuachia mguu mmoja mmoja, mpaka tukakanyaga mchanga mgumu wenye majani. Mama akageuka akatazama nyuma kijito chote, alama za miguu yetu zikiwa zimepangana na shimo moja kubwa la makalio yangu. Akasema alhamdulillahi mara nyingi, kwa sauti ndogo, kisha akalia. Nikalia na mimi. Mama mdogo alitwambia tufanye haraka kulia kwa sababu maji hayana adabu, yakirudi hayabishi hodi.

Kitongoji cha kina bibi kimehamwa siku nyingi. Maji ya chumvi yaliingia kwenye majaruba ya mpunga, watu wakahamia Maparoni na kwingineko, imebaki minazi na misingi ya nyumba. Kaburi lilikuwa chini ya majani. Tulilisafisha kwa mikono, mawe mawili yakaonekana, la kichwani na la miguuni. Mama aliosha tope, akavaa kanga yake mpya, akafukiza ubani. Tulisoma Fatiha na Yasini. Mama mdogo akawasha moto, akateleka wali wa mchele ule niliouchambua punje kwa punje, na ulipoiva tuliula hapohapo, kidogo tukawaachia ndege.

Nilingoja mama azungumze. Njia nzima nilifikiri atakuwa na maneno mengi, kwa jinsi alivyomsimulia kila mchuma kisamvu. Alikaa tu, kiganja juu ya jiwe la miguuni. Huko nyuma maji yalianza kusikika yakiingia mikokoni, na mama mdogo akasimama akikung'uta kanga.

"Dada, kijito kinajaa. Tuondoke sasa hivi au hatuvuki."

"Kurudi sikuweka nadhiri," mama akasema. "Mwite mwenye mtumbwi." Kisha akanigeukia. "Simama, mama. Tembea."

"Nitembee nende wapi?"

"Hapo tu. Huku na huku."

Nikasimama. Nilikuwa na tope mpaka mgongoni, kanga imenigandia, mguu wa chuma umechoka. Nikaenda kutoka mnazi mmoja mpaka wa pili na kurudi, upesi upesi, kama ninavyokwenda siku zote.

"La," mama akasema, akilipapasa jiwe. "Polepole. Mama akuone."

Nikarudia, polepole.